Siku Niliyokuwa Mhandisi Mkuu kwa Dakika Arobaini

Nikisema nimewahi kutembea barabara ya Huanshi Zhonglu mchana kweupe nikiwa mweupe mwenyewe kuanzia ushungi hadi viatu, kama andazi lililosahauliwa kwenye sinia la unga, msidhani natia chumvi, maana walioniona ni wengi, na baadhi yao walipiga picha, na picha hizo zilifika Kariakoo kabla yangu. Kwa hiyo bora niseme mwenyewe. Aibu ukiisimulia mwenyewe angalau unachagua pa kuanzia, nami naanzia kwenye kadi.

Kampuni yetu inaitwa Watatu Teknolojia. Watatu ni mimi Mwajuma, mdogo wangu Bakari anayesimamia duka Kariakoo, na kitinda mimba wetu Zuhura, anayesoma shahada ya pili ya uhandisi wa umeme hapa Guangzhou kwa ufadhili. Wazazi wetu walifariki nikiwa kidato cha pili, wakafuatana ndani ya mwaka mmoja, na sikurudi tena shule. Niliuza mitumba, nikauza vitenge, nikaanza kuja China kuchukua suruali za jinzi kwenye maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu, na hao wawili wakala na wakasoma. Sisemi haya ili mnionee huruma (huruma yenu iwekeni akiba, mkasa wenyewe uko mbele). Nasema ili mjue kwamba mtu aliyeamua kila kitu nyumbani tangu akiwa na miaka kumi na sita hupatwa na ugonjwa fulani: anadhani kila kitu duniani ukikikazia macho kitakubali.

Miaka miwili iliyopita tuliacha suruali tukaingia kwenye masanduku ya umeme wa jua, yale yenye betri ndani, unaweka paneli juu ya bati, unawasha taa, unachaji simu, na kinyozi anaendelea kunyoa umeme ukikatika. Hapo ndipo lililokuwa Duka la Watatu likawa Watatu Teknolojia, nami nikawa kiongozi wa kampuni ya teknolojia. Nikaanza kutazama video za viongozi wenzangu wa dunia nzima, nikajifunza mambo muhimu ya kazi: wanavaa nguo nyeusi, wanatembea jukwaani polepole, wanasema "mustakabali" kila baada ya sentensi mbili, na hakuna anayewauliza betri inafanyaje kazi. Baibui jeusi nilikuwa nalo tangu zamani. Mustakabali niliumudu kwa siku moja. Nikaona nimeshahitimu.

Basi wiki moja kabla ya mkutano na kiwanda kinachotengeneza masanduku hayo nikaenda kuchapisha kadi za biashara kwenye kiduka kimoja cha mtaa wa Xiaobei, na binti wa pale akanionyesha kwenye kompyuta mfano wa kadi za kampuni za teknolojia, ambao una mistari miwili ya cheo. Mstari wa kwanza tukaandika Mkurugenzi Mkuu. Wa pili ukabaki mtupu, na kweli ulikuwa unachukiza, kama jino lililong'oka. Yule binti akaniuliza kwa ishara, "Hapa je?" Nami nikamwashiria kwa mkono: jaza tu. Akanionyesha orodha ya vyeo, nikachagua kilichokuwa kirefu zaidi.

Jioni Zuhura akaisoma.

"Dada, hapa pameandikwa Mhandisi Mkuu."

"Ndiyo."

"Wa nini?"

"Wa kampuni. Kwani kampuni ya teknolojia itakosaje mhandisi?"

"Mhandisi ni mimi, Dada, na hata mimi bado nafundishwa. Zichape upya."

"Zuhura, hiyo ni karatasi tu. Kwani mwenye hoteli lazima ajue kupika?"

"Si lazima," akasema, "ila asiingie jikoni akamwambia mpishi kwamba maji ni mapambo."

Nikacheka, nikamwambia usomi umempa mdomo, nikazitia kadi zangu kwenye mkoba.

Sasa hapa lazima mfahamu jambo moja la watu wa huku. Huitwi jina lako tupu. Kazi yako ndiyo jina lako. Bosi anaitwa laoban, mhandisi anaitwa gong, na mhandisi mkuu ni zong gong. Kadi unaitoa kwa mikono miwili, mwenzako anaipokea kwa mikono miwili, anaisoma yote mbele yako, na alichokisoma ndicho utakachokuwa mpaka utoke mlangoni. Ndicho kitakachoamua ukae wapi na ukabiliane na nani, maana mezani bosi anatazamana na bosi, mhandisi na mhandisi. Sisi kwetu kadi ni salamu. Kwao ni kiapo.

Mkutano ulikuwa kwenye ofisi ya mjini ya kiwanda hicho, ghorofa ya kumi na mbili ya jengo moja la biashara hapo hapo Huanshi Zhonglu, jengo ambalo nusu ya wapangaji ni mawakala wa mizigo na kwa hiyo nusu ya watu kwenye lifti mnajuana. Tulichokitaka ni uwakala: masanduku yale yauzwe Tanzania nzima kupitia Watatu Teknolojia peke yake, yakiwa na jina letu juu. Nilikuwa nimeufuatilia mwaka mzima. Tukiukosa, mwenye duka yeyote angeagiza sanduku lile lile kama letu, nasi tungerudi kubeba marobota ya jinzi, na kusema kweli mgongo wangu ulikuwa umeshaniambia hauwezi tena.

Nikatoa kadi kwa mikono miwili. Bosi Liang, mwenye kiwanda, mtu mnene mchangamfu, akaisoma, akatoa macho, akaita, "Aa! Zong gong!" Papo hapo akanihamisha kiti. Nilikuwa nimekaa mbele yake; nikajikuta nimekalishwa mbele ya mzee mmoja mwembamba mwenye koti la kazi la kijivu na vidole vyenye alama za kuungua, ambaye hakutabasamu. Huyo ndiye Wu gong, mhandisi wao mkuu. Zuhura akakaa nyuma ya bega langu kama mkalimani, maana Kichina changu ni cha sokoni, kinajua "punguza" na "ghali sana" na hakijui kitu kingine.

Wu gong akasukuma mbele yangu karatasi tatu zenye michoro. Nikazikunjia uso kama ninavyowaona wanaojua wakifanya. Nikaweka kidole mahali fulani penye mistari ya kupendeza, nikaguna, "Mmh."

Zuhura akaninong'oneza, "Dada, hiyo ni nembo ya kiwanda."

Nikahamisha kidole.

Halafu Bosi Liang akaweka mezani masanduku mawili yanayofanana kama mapacha, na kati yao kipande kidogo cha kijani, saketi isiyozidi urefu wa kidole. Akaeleza, na Zuhura akatafsiri: sanduku moja lina kipande hiki ndani, jingine halina. Wu gong ndiye anayeking'ang'ania kila siku, wanagombana miezi sasa, na kinaongeza bei na kuchelewesha kazi. Wateja wa Afrika wanataka taa, hawataki vipande vya kijani. Zong gong wa Tanzania anasemaje?

Zuhura akamaliza kutafsiri, akaongeza ya kwake, "Hiyo ni saketi ya kinga ya betri. Sema hapana."

"Wewe tafsiri," nikamwambia, "usihutubie."

Ndugu zangu, ningeweza kuuliza. Swali moja tu: kinafanya kazi gani? Lakini mhandisi mkuu anaulizaje kazi ya kipande kilichomo ndani ya sanduku lake mwenyewe? Kadi ilikuwa imeshatolewa, kwa mikono miwili. Pia nilimwona Bosi Liang anavyonitazama kwa matumaini, nikawaza nikimpa hili atanipa uwakala, na sanduku jepesi la bei nafuu litatembea sokoni. Nikajiegemeza nyuma, nikanyamaza kidogo (kunyamaza nako nimekusoma kwenye zile video), nikasema neno ambalo sikuhitaji mkalimani:

"Hao." Yaani sawa.

Bosi Liang akapiga meza kwa furaha. Wu gong akavua miwani, akasema, "Bu xing," yaani haiwezekani, na Bosi Liang akaninyooshea mkono kama mtu anayeonyesha hati ya mahakama: si umesikia, zong gong kakubali! Yule mzee akanitazama kwa muda mrefu, na mpaka leo nikilikumbuka lile jicho najikuta nalivuta baibui.

Kilichobaki ni kutia saini sampuli. Ndivyo kazi inavyokwenda huku: sampuli mliyokubaliana inafungwa, inatiwa saini na pande zote mbili, na mzigo wote unatengenezwa kwa kuifuata hiyo hiyo, siku ukilalamika, wanakutolea sampuli yenye saini yako. Peni nilikuwa nimeshaishika. Ningetia saini tu nikaenda zangu, msingekuwa na mkasa wa kusikia, bali mngesikia mwingine, mbaya zaidi, kutoka kwenye nyumba ya mtu asiye na hatia huko Manzese au Mbagala. Lakini Mungu akaniokoa kwa njia ya kiherehere changu.

Wu gong alikuwa bado hajaridhika, naye aliendelea kuzungumza kwa sauti ya chini, na mimi nikaona lazima nimnyamazishe kitaalamu. Nikakumbuka maonyesho ya biashara niliyowahi kwenda, muuzaji mmoja alivyochukua waya mnene akaunganisha ncha mbili za betri, yaani akaipiga shoti makusudi mbele ya watu, na betri haikufanya chochote, ikazima kimya kimya, watu wakapiga makofi. Nikasema moyoni, hiyo ndiyo dawa yake. Nikasimama, nikachukua waya mnene uliokuwa mezani, nikalivuta kwangu lile sanduku lisilo na kipande cha kijani.

Kitu ambacho sikukijua, na ambacho kila mtu mwenye akili mle chumbani alikijua, ni kwamba kilichofanya betri ya yule muuzaji izime kimya ni hicho hicho kipande cha kijani nilichotoka kukifukuza kazi.

"Dada, weka chini huo waya!"

"Zuhura, watu wanatutazama."

"Dada Mwajuma! Weka chini!"

Wu gong naye alikuwa amesimama, mikono yote miwili mbele, anasema bu xing, bu xing, bu xing, na mimi nikatabasamu kwa upole wa viongozi, nikaunganisha.

Sijui niwaelezeje. Kwanza kulikuwa na mwanga wa buluu. Halafu mlio kama kofi. Halafu waya ukang'ang'ania pale pale kama umezaliwa hapo, ukawa mwekundu, ganda lake likaanza kuyeyuka, na mimi nikauachia nikipiga ukelele ambao haumo kwenye video yoyote ya uongozi. Sanduku likatoa moshi mzito, mweupe, wenye harufu ya vitu visivyopaswa kunuka. Waya mwekundu ukaangukia rundo la vipeperushi vya kiwanda, vikashika moto. Bosi Liang akakimbilia mlangoni, kisha akarudi kuchukua simu yake, kisha akakimbia tena. Wu gong peke yake hakukimbia. Alichukua mtungi wa kuzimia moto uliokuwa nyuma ya kiti chake (alikuja nao? sijui), akapuliza ule unga mweupe juu ya sanduku, juu ya vipeperushi, juu ya meza, na juu yangu. Mimi sikuwa nawaka. Sijawahi kumuuliza kwa nini.

Kengele ya jengo ikalia, na jengo zima likaambiwa lishuke kwa ngazi.

Ghorofa kumi na mbili. Kila tulipopita, milango ilifunguka, watu wakaungana nasi wakiwa na kalkuleta, na mabahasha, na mwingine na sahani ya wali, na kila mmoja aliniangalia kisha akaniachia nafasi. Tulipofika chini, kando ya barabara pakawa na umati, na kwenye umati huo, kwa bahati yangu, alikuwemo Mama Shufaa, Mzanzibari anayesafirisha vigae na vyombo, ambaye habari yoyote ukitaka isambae humwambii aisambaze, unamwambia ni siri.

"Eee bibi we!" akasema. "Mwajuma, wenda harusini ama watoka makaburini?"

"Hitilafu ndogo ya kiufundi," nikasema, na unga ukanitoka mdomoni.

Mngedhani aibu imefika mwisho wake hapo. Bado. Bosi Liang, mbele ya wapangaji wenzake na wateja wake, ilibidi alinde heshima yake, naye akaanza kuwaeleza kwa sauti kwamba kile kipande kiliondolewa kwa kauli ya mhandisi mkuu wa Tanzania. Kadi yangu alikuwa nayo mkononi, anaionyesha. Watu wakasogea. Wu gong naye akasogea, bado ana mtungi, akaniuliza swali moja kwa heshima zote, na Zuhura akalitafsiri huku akitazama chini:

"Zong gong, anauliza, ni kwa sababu gani za kitaalamu uliona haihitajiki?"

Nikapangusa unga kwenye ushungi. Ndipo Bosi Liang, ambaye sasa aliona tunazama wote wawili, akanirushia kamba. Akamnyooshea kidole Zuhura, akasema kitu.

"Kasema nini?"

"Kasema," akajibu polepole, "huenda mkalimani alikosea kutafsiri."

Kamba ilikuwa nzuri sana. Ningeishika, ningetoka pale na cheo changu, na uwakala wangu, na hadithi ya mkalimani mwanafunzi aliyechanganya maneno. Na Zuhura, niwaambie ukweli, angeitafsiri hata hiyo, neno kwa neno, maana nimemlea mwenyewe na namjua. Alikuwa ameshainua uso akisubiri nitasema nini. Alikuwa hajakasirika. Alikuwa kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani ambao si yeye aliyeufanya.

"Mwambie mkalimani hakukosea," nikasema. "Mwambie alinikataza mara tatu. Mwambie mimi si mhandisi. Niliishia kidato cha pili, na sikujua kile kipande ni cha nini, na niliona haya kuuliza."

Akatafsiri. Ilichukua muda, au mimi niliona hivyo. Halafu Bosi Liang akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika magoti, akasema jambo, na Zuhura naye akashindwa kujizuia.

"Anasema na yeye hajui kipande kile ni cha nini. Alikuwa anauza soksi Guangyuan Xilu kabla hajanunua kiwanda. Anasema alipoona kadi yako alifurahi, akajua hatimaye amepata mtaalamu wa kumshinda Wu gong."

Wu gong hakucheka. Aliweka mtungi chini, akafuta miwani, akasema sentensi moja, kavu.

"Anasema," Zuhura akatafsiri, "kwa hiyo leo muuza soksi na muuza suruali wamepiga kura kwamba betri haihitaji kinga. Na kura zimetosha."

Mama Shufaa akarekodi yote hayo.

Unga ule hautoki kwa maji ya mara moja. Zuhura alinipeleka kwenye choo cha hoteli moja ya chakula ya jirani akanifuta kwa taulo za karatasi mpaka alipofika kwenye nyusi, ndipo akasema bila kupandisha sauti, "Dada, ulinisomesha ili unisikilize, au ili upate mtu wa kupiga naye picha siku ya mahafali?"

Nilikuwa na majibu mengi. Miaka yote ile nilikuwa nayo, yamepangwa: nani alikulisha, nani alikulipia, nani aliamka alfajiri. Nikayatazama yote nikaona hakuna hata moja linalojibu swali lake. Nikamwambia, "Nimekosa." Akaendelea kunifuta, ila safari hii kwa mkono mwepesi.

Siku ya tatu wakatuita tena. Nilikwenda nikijua wanatuaga, na nilikuwa nimeshamwandaa Bakari kwa habari ya suruali. Kumbe aliyetuita ni Wu gong. Alimwambia Bosi Liang kwamba kiwanda kikitoa sanduku lisilo na kinga yeye anaacha kazi, na kwamba kama ni lazima wamuuzie Mtanzania basi wamuuzie yule aliyekiri hajui, kwa kuwa wale wengine watatu waliowahi kuja hakuna aliyekiri. Hii haimaanishi alinisamehe. Aliketi mbele ya Zuhura, wakafungua sanduku, wakaongea saa mbili, mimi na Bosi Liang tukinywa chai upande wa pili wa meza na kutazama dirishani, watu wawili wa nguo, tumetulia kama wakwe.

Mara moja tu Bosi Liang alijaribu kusema kitu kuhusu bei. Nikamwahi mimi.

"Bu xing," nikamwambia.

Saini ya sampuli aliiweka Zuhura. Uwakala tumeupata, wa mwaka mmoja kwanza, wakitutazama mwenendo. Nami nimeapa mbele ya mdogo wangu kwamba nikiulizwa jambo la kitaalamu neno langu la kwanza litakuwa "sijui", na la pili litakuwa "muulizeni Zuhura", na mpaka sasa biashara haijafa kwa maneno hayo mawili. Watu wananiuliza sana, je, kiongozi wa kampuni ya teknolojia lazima awe mtaalamu? Nawajibu mimi siwezi kuwa shahidi mzuri wa jambo hilo, ila wakitaka kujua ladha ya unga wa mtungi wa moto, hapo nina utaalamu wa vitendo.

Mkataba una kurasa kumi na moja, Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na mhuri mwekundu wa kiwanda kila ukurasa. Zuhura alinieleza kifungu baada ya kifungu, mambo ya dhamana, viwango, joto, na nilimsimamisha kila mahali nisipoelewa, mpaka tukafika kifungu cha tisa, ambacho Wu gong alikiandika kwa mkono wake: *Mkurugenzi wa mnunuzi hatagusa sampuli.* Hicho sikuhitaji mtu anifafanulie.